Tovuti ya wasambazaji: mnunuzi huichagua, muuzaji huibeba

Kampuni ndogo nyingi hujiunga na tovuti ya wasambazaji, yaani tovuti ya mnunuzi ambako muuzaji hupokea oda na kutuma nyaraka, kwa sababu mteja wao mkubwa ametangaza kwamba oda za karatasi basi. Mwaka 2002 Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iliwataka wasambazaji wake watumie AS2, njia ya kutumiana nyaraka kupitia intaneti. Waliotegemea Walmart hawakuwa na pa kukwepea.

Kuanza ni rahisi: kivinjari, nywila, oda hii hapa. Kazi ipo kwenye taarifa ya usafirishaji, inayomweleza mnunuzi mzigo gani unakuja. Kila paleti hubandikwa lebo yenye SSCC, namba ya tarakimu 18 ya kuutambulisha mzigo huo, na taarifa itangulie lori. Ukipunguza katoni baada ya kuituma bila kuirekebisha, ankara inakwama, maana mfumo hulinganisha oda, mapokezi na ankara.

Udhaifu wake mkubwa: data haiingii yenyewe kwenye programu yako ya uhasibu. Mtu anachapa upya kila mstari, na hapo ndipo bei hukosewa. Kwa mteja mmoja inavumilika. Wakifika watatu, kila mmoja na tovuti yake, lipia muunganisho wa moja kwa moja kati ya programu yako na mifumo yao. Kabla ya kusaini, dai kipindi cha majaribio ambacho mnunuzi hakutozi faini kwa makosa.