Shanga, Arusha: nenda kanunue glasi, si kutoa msaada

Ukitoka mjini Arusha kwa barabara ya Dodoma, kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Kisongo, unakutana na mashamba ya kahawa ya Burka. Humo ndimo ilimo hoteli ya Arusha Coffee Lodge, na karakana ya kazi za mikono iitwayo Shanga iko kwenye viwanja vyake. Daladala za Kisongo zinapita barabarani hapo. Wenyeji wengi hawaingii kwa kudhani ni pa watalii tu. Watalii ni wengi kweli, hasa wanaokwenda au kurudi mbugani, lakini kutembelea karakana hakuna kiingilio na mkazi wa Sakina anakaribishwa sawa na mgeni kutoka Ujerumani.

Kazi ilianza 2007 kwa mikufu ya shanga na vitambaa. Sasa kuna ufumaji, ushonaji na vyombo vya kioo, na wengi wa mafundi ni watu wenye ulemavu, viziwi wakiwa sehemu kubwa. Vitambaa na mikufu ni vizuri, ila vya kufanana navyo vinapatikana kwingine mjini. Kinachostahili nauli ni kioo.

Chupa za bia za kreti zina njia yake ya kurudi kiwandani. Za mvinyo na pombe kali hazina, na kwenye mji wa hoteli kama huu hulundikana. Hizo ndizo malighafi. Chupa husafishwa, hutengwa kwa rangi, huvunjwa na kuyeyushwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000. Fundi huchota kioo kwa ncha ya bomba refu la chuma, hulizungusha bila kusita (akisita, kioo kinalalia upande mmoja), hupuliza, hurudisha motoni, hupuliza tena. Kioo cha chupa huganda upesi kuliko kile kinachotengenezwa maalumu kwa kupuliza, kwa hiyo muda wa kurekebisha umbo ni mfupi mno. Anayeweza kutoa glasi sita zinazokaribiana kwa kioo hicho ni fundi kamili, na bei aitaje bila kuona haya.

Hatua isiyoonekana na wageni ndiyo inayoamua maisha ya glasi. Chombo kikishapata umbo huingizwa kwenye tanuri la kupoozea lenye nyuzi 500 hivi, kisha joto hushushwa polepole kwa saa nyingi. Kikipoozwa haraka, nje hukaza kabla ya ndani, na chombo kinabaki na mkazo unaoweza kukipasua kabatini bila kuguswa. Kosa jingine la kazi hii ni kuchanganya chupa za aina tofauti kwenye chungu kimoja: hazitanuki kwa kiasi sawa, na ufa hutokea pale zinapokutana. Ndiyo maana kutenga chupa ni kazi ya mtu makini, si ya kumpa yeyote aliyekosa shughuli.

Unapochagua, ziweke glasi juu ya meza tambarare na uzisukume kidogo, inayocheza iache. Pitisha kidole kwenye mdomo wake taratibu. Geuza kitako utazame kovu la pale ilipotoka fimbo ya chuma iliyoshikilia glasi: likiwa na ncha kali litakwaruza meza. Viputo vidogo ndani ya kioo si kasoro, ni hewa iliyoshindwa kutoka kwenye kioo kizito. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa unapoinua glasi kwenye mwanga, huo ni ufa, usiichukue. Na chai ya moto usimimine humo. Kuta za glasi ya mkono hazina unene mmoja, sehemu nyembamba inapata joto mapema kuliko nene, na matokeo yake unayajua. Juisi, maji na mvinyo havina shida. Osha kwa maji ya uvuguvugu.

Kuhusu mawasiliano na mafundi viziwi, aliye na bomba mkononi usimguse kabisa. Subiri mahali anapoweza kukuona. Kwa wengine, punga mkono mbele yake au mguse bega kidogo. Kukiwa na mkalimani, mtazame fundi unapozungumza. Kupaza sauti hakusaidii kitu. Kuandika kwenye karatasi nako kuna mipaka, kwa kuwa kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili baada ya lugha ya alama, na wapo ambao shule hawakuipata. Mchoro wenye vipimo kwa namba unafika mbali zaidi.

Mwajiri anayepita hapa aangalie mpangilio zaidi ya bidhaa. Kiziwi anahitaji mwanga wa kutosha na kukaa asikoshtukizwa kwa nyuma. Asiyetumia miguu hawezi cherehani cha kukanyaga, lakini cha mkono anakiweza, na meza yenye nafasi ya kuingiza kiti cha magurudumu ni kazi ndogo ya seremala. Kwa mtu mwenye usonji, kuunga shanga kwa kufuata sampuli iliyo mbele yake kunaweza kumfaa: kazi ina mwanzo na mwisho unaoonekana, na makosa anayaona mwenyewe. Chumba cha tanuri, pamoja na ngurumo yake na makundi ya wageni, huenda kikamchosha haraka. Mpangie meza ya pembeni na mpe ratiba ya picha isiyobadilishwa ghafla. Hata ukimpeleka kama mgeni, nendeni mapema kabla magari ya watalii hayajajaa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwa hoteli ya watu 100 hao ni watatu tu. Kisingizio cha kukosa wenye ujuzi hakina nguvu mkoani hapa: kituo cha Kanisa la Kilutheri pale Usa River kinawafundisha ufundi vijana wenye ulemavu.

Lawama yangu ni moja. Bei zinamlenga mtalii, kwa hiyo seti ya glasi hapa huwezi kuipima kwa bei ya soko la Kilombero. Tena duka linalotegemea watalii hupoa masika, Aprili na Mei, mbuga zikipungukiwa wageni. Kwa mwenyeji huo ndio msimu mzuri: msongamano hakuna na mafundi wana nafasi ya kukusikiliza.

Ukitaka kuagiza kwa ajili ya mgahawa, peleka glasi ya mfano, taja urefu na ujazo kwa namba, na uulize rangi zilizopo, maana rangi inategemea chupa zilizokusanywa. Mkubaliane mapema tofauti ya urefu inayovumilika; nusu sentimita ni haki kwa kazi ya mkono. Agiza 14 ukihitaji 12. Zitakazovunjika jikoni hutapata za kufanana nazo kabisa baadaye.