Mrututu wa Mwanakwerekwe: nlitaka kuchovya shaba bawaba za kasha

Nna kasha la bibi, la msaji, misumari yake yote shaba, bawaba za nyuma zishaoza. Nlizopata sokoni Darajani hapa Unguja ni za chuma kitupu na hazikai nalo kabisa, basi nkasema ntazichovya shaba mwenyewe nyumbani, yaani nizivike ngozi nyembamba ya shaba.

Mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, nlinunua duka la dawa za mimea Mwanakwerekwe, nusu kilo elfu sita. Ni mzuri, buluu imekolea, unayeyuka wote hauachi mchanga chini, na muuzaji alinambia mapema nsiutie kwenye sufuria ya kupikia maana ni sumu, hapo nlimpenda. Duka nalipa nyota tano kwa tano.

Lakini msinunue mkadhani ndo kazi imekwisha. Nlitumbukiza bawaba kwenye maji ya mrututu, hata umeme sijaunga, sekunde chache ishakuwa nyekundu mashallah nkaita na watoto waje waone, nlipoipangusa shaba yote ikabaki kwenye kitambaa. Chuma kinayeyuka kidogo, shaba inakaa pahala pake, ila imekaa kama unga tu haikushika.

Kilichonifaa badala ya maji ya mrututu ni siki nyeupe ya dukani. Unatia vipande viwili vya waya wa umeme wa shaba ushauchuna plastiki, unaunga betri moja ya redio volti 1.5, unawacha mpaka siki igeuke buluu, na inachukua muda jamani msiwe na haraka. Baadae, kwenye siki hiyohiyo, bawaba unaifunga upande hasi wa betri, waya wa shaba upande chanya, na umeme uunge KABLA ya kuichovya. Nlijaribu na chaja ya simu ya volti 5 nkapata masizi meusi matupu.

Na kusafisha ndo nusu ya kazi! Msasa, sabuni, kisha mwagia maji, yakitawanyika sawasawa iko tayari, yakijikusanya matone bado ina mafuta, rudia.

Maji ya mrututu msimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia pwani na ile inaua samaki.

Bawaba za kasha nlizipiga vanishi, huu mwezi wa pili tangu hapo na bado zinang'aa. Moja nliifunga dirisha la nje linalotazama bahari, wiki ya tatu kutu ishachomoza kwenye vitundu vya shaba, tena inakula kuliko chuma kitupu, kwa hivyo ya nje mie nshaiacha.