Dawa ya kutu na madoa ya maji kwenye vyuma: ununue ipi ukiwa Arusha au Moshi

Ukiingia hadiwea ukasema tu "naomba dawa ya kutu" utapewa chupa yoyote iliyo karibu, na hapo ndo hela inapotea, kwa hiyo kabla ya kununua angalia kwanza doa lenyewe. Doa jeupe gumu kwenye mdomo wa koki au chini ya birika ni chumvichumvi zinazobaki maji yakikauka. Doa la kahawia ni kutu, chuma kinaliwa na maji na hewa. (Floraidi ya maji ya Arusha isisingiziwe hapa, hiyo shida yake ni meno na mifupa, na kuchemsha maji haiiondoi.)

Namba moja kwangu ni unga wa sitriki asidi. Unapatikana kwenye maduka ya malighafi za sabuni na juisi, wanakupimia, na unatoa doa jeupe na kutu pia kwa hiyo unanunua kitu kimoja unamaliza kazi mbili. Weka kama gramu 50 hadi 100 kwenye lita moja ya maji ya moto, zamisha panga, spana, jembe, nati, acha masaa kadhaa, ukitoa kutu imelainika unaisugua na brashi inaondoka. Usilaze siku nzima bila kuangalia, ikimaliza kutu inaanza kula chuma kizima. Suuza, kausha saa hiyo hiyo, paka mafuta ya cherehani, usipofanya hivyo kutu mpya itaanza hata kabla hujarudisha panga stoo.

Ya pili siki nyeupe, hata duka la mtaani ipo. Kwa kutu nzito ni ya polepole sana ila kwa koki naipenda kuliko zote: loweka kitambaa, zungushia mdomo wa koki, funga na mpira wa tyubu, subiri nusu saa hadi saa moja. Utaona vipovu vidogo vikitoka pembeni ya kitambaa, ile ndo chokaa ya doa jeupe inayeyuka, ukifungua unasugua na mswaki wa zamani na maji yanaanza kutoka wima tena badala ya kurushia ukutani. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo ila kwa bei ya ndimu kiangazi bora siki.

Kwa geti na grili achana na vimiminika kabisa, nunua msasa na brashi ya waya. Msasa namba 80 kutoa kutu, 120 kulainisha, futa vumbi, kisha redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) halafu rangi. Jamani redoksaidi msiiruke! Fundi akikwambia rangi inatosha mkatalie, masika ikianza Machi kutu inatokea pale chini geti linapogusana na tope, na Moshi huko juu kuelekea mlimani mvua haina huruma. Kazi hii ifanyike Januari au Februari chuma kikiwa kikavu.

Stilwaya naiweka chini kidogo. Kwa chuma cha kawaida ni nzuri na bei yake ndogo, ila kwenye sinki la stenlesi hapana, vipande vyake vidogo vinabaki vinashika kutu halafu unalaumu sinki. Sinki lisugue na magadi ya kupikia na sponji laini kufuata mistari yake. Magadi hayo hayo usiyapeleke kwenye sufuria ya alumini, yanaifanya nyeusi.

WD-40 (yale mafuta ya kupuliza) ni ya kulegeza nati na bawaba zilizoganda, kwa kazi hiyo ni nzuri, ila usiinunue ukitegemea isafishe geti. Dawa za kutu zenye fosforiki asidi zinafaa kama una chuma kikubwa kisichozamishika, soma lebo, vaa glavu.

Usinunue maji ya betri, hata ukiambiwa mafundi wote wanatumia. Ni salfuriki asidi, inaunguza ngozi na macho. Asidi yoyote, hata siki, isikae kwenye ndoo ya bati wala mabati, inakula ile zinki inayozuia kutu. Na Jik haitoi kutu, inaiongeza, tena ukiichanganya na siki au sitriki inatoa gesi ya klorini ambayo kwenye bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kumuua mtu.