Ukaguzi wa takwimu za afya: ripoti moja au mbili?
Timu inayolinganisha vitabu vya MTUHA (rejesta za kumbukumbu za vituo vya afya) na takwimu zilizoingizwa kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya) hujiuliza kila mara iwapo iandike ripoti moja kwa wadau wote, au moja ya watendaji wa ndani na nyingine ya wafadhili. Kwa gharama na utunzaji, ripoti moja inashinda waziwazi.

Kwa manufaa, mambo hubadilika. Mratibu wa wilaya anahitaji kujua ni kituo kipi kilichojumlisha vibaya rejesta ya wajawazito na katika mwezi gani, ilhali mfadhili anataka uwiano wa uhakiki, yaani hesabu iliyorudiwa kutoka vitabuni ikigawanywa kwa ile iliyoripotiwa, pamoja na mbinu iliyotumika kuchagua vituo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inadai uangalifu pale viambatisho vinapobeba taarifa za wagonjwa, na kwa maoni yangu viambatisho hivyo havipaswi kutoka nje hata kidogo.

Udhaifu wa ripoti mbili ni namba kutofautiana, hivyo zote zichotwe katika jedwali moja lisilobadilishwa tena. Mradi wenye vituo vichache na mfadhili mmoja utatosheka na ripoti moja. Wenye wadau wengi, wasio na haki sawa ya kuona taarifa, utahitaji mbili.