Kaduka ka vitu vya zamani Kariakoo, cherehani zipo ila kuweni macho

Jumamosi nimezama Kariakoo kwenye kaduka kamoja ka vitu vya zamani. Nilienda kwa ajili ya yale mablanketi ya viraka, yapo mawili tu na moja panya wameshapita nalo, achana nayo. Utamu uko kwenye cherehani jamani! Nimepata Singer ya mkono, nyeusi, maua ya dhahabu bado yanaonekana, namba yake nimeicheki mtandaoni ni ya Clydebank, Uskochi, na kile kiwanda kilifungwa 1980 kwa hiyo inanizidi umri (shikamoo bibi). Muuzaji akaanza laki nne, nikamwambia kaka'angu nipunguzie, tukamalizana laki mbili na nusu na tondoo (kile kikofia cha kidole cha kushonea) juu. Nendeni na kitambaa na uzi mshone palepale, mi nilizungusha gurudumu tu nikaridhika, kufika nyumbani uzi wa chini haushiki.