Tathmini ya pampu ya kukanyaga katika bustani za mboga za vijijini

Katika vijiji vingi vidogo, maji ndiyo yaliyoamua bustani ya mboga ikae wapi. Matuta yalijipanga bondeni, kando ya kijito au kisima kifupi, na yule ambaye shamba lake lilikuwa juu kidogo alilima mboga wakati wa mvua tu, wakati ambao kila mtu anazo na bei imeanguka.

Pampu ya kukanyaga, inayoendeshwa kwa miguu bila injini, ilivunja mpaka huo, na kwa hilo naipa sifa kubwa. Mhandisi Mnorwe, Gunnar Barnes, aliibuni kaskazini mwa Bangladesh karibu na mwaka 1980, na huko zimeuzwa zaidi ya milioni 1. Nchini Kenya, shirika la ApproTEC, ambalo siku hizi huitwa KickStart, lilitoa pampu yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1996, kisha mwaka 1998 likaleta Super MoneyMaker, ambayo pamoja na kuvuta maji huyasukuma kwa mpira hadi juu ya mteremko. Uwezo huo wa kusukuma ndio ninaouthamini zaidi, kwa sababu pampu inayovuta tu humwaga maji pale pale iliposimama.

Ubora wake huonekana kiangazi. Robo ekari ya mboga ikihitaji milimita 5 za maji kwa siku, hizo ni takriban lita 5,000, yaani keni 500 za lita 10. Pampu inayotoa lita 1 kwa sekunde huimaliza kazi hiyo kwa muda usiofika saa moja na nusu, bila tone la mafuta, ingawa ni afadhali wawepo watu wawili, mmoja akikanyaga na mwenzake akielekeza mpira.

Udhaifu wake mkubwa uko upande wa kuvuta. Maji yakiwa chini zaidi ya mita 7 hivi, hayapandi hata ukanyage kwa nguvu gani, kwani maji hupandishwa na kanieneo ya hewa iliyo juu yake, na kimo kinachofikiwa kina kikomo, na kikomo hicho hupungua kadiri eneo linavyoinuka kutoka usawa wa bahari. Mpira wa kuvutia ukiwa laini hujibana. Ukiwa na tundu dogo, pampu huvuta hewa badala ya maji. Washa za pistoni, yaani vipete vinavyoziba maji yasivuje ndani ya pampu, nazo huchakaa, hasa maji yakiwa na mchanga.

Naipendekeza kwa bustani isiyozidi nusu ekari. Zaidi ya hapo miguu itachoka kabla ya mboga kushiba, na pampu ya sola itafaa zaidi. Mnunuzi achukue washa za akiba siku ile ile, na kina cha kisima akipime mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa chini kabisa, kwa kuwa kipimo cha baada ya mvua kitamdanganya.