Gentoo minimal ISO na Catalyst: maoni yangu baada ya kuzitumia

Ukitaja Gentoo, ile Linux unayoijenga mwenyewe kutoka kwenye sosi kodi, watu wanawaza kukompaili tu (kugeuza sosi kodi kuwa programu), yani kukaa unaangalia mistari inashuka kwenye skrini mpaka usingizi ukubebe. Mimi leo nataka niongelee kile unachobutia kabla hata ya kukompaili, ile minimal ISO (faili dogo unaloliandika kwenye flashi ili kuwasha mashine), pamoja na Catalyst ambayo ndo programu wanayotumia kuitengeneza, coz naona hapo ndo kuna akili nyingi na hapaongelewi kabisa.

Kwanza jiandae, ukiibuti hakuna inastala (programu ya kukuinstallia). Hakuna kitufe cha kubofya wala swali la unatumia lugha gani, unatua kwenye terminali ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) na kazi ni kwako. Ndani kuna keneli yenye draiva kibao, fdisk na wenzake wa kugawa diski, net-setup ya kukuunganishia mtandao, SSH ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, na links, ile brauza ya maandishi matupu ya kusomea Handbook (mwongozo wa Gentoo wa kuinstall) kwenye konsoli ya pili wakati ya kwanza unapigia kazi (Alt+F2 unahama, Alt+F1 unarudi). Mfumo utakaoutumia wenyewe haumo. Huo unaushusha kama faili la stage3, yani mfumo wa msingi uliojengwa tayari, unalifungulia /mnt/gentoo, unaingia kwa chroot (amri ya kukuhamishia ndani ya huo mfumo mpya), na kompaila utakayojengea kila kitu inatoka humo humo kwenye stage3.

Wengine wanaona huo ni usumbufu, mi naona ndo uzuri wenyewe. ISO kazi yake ni tatu tu, iwake, ione diski, ipate mtandao, basi. Kwahiyo hata flashi yako ikiwa na ISO ya kitambo, stage3 unachukua ya juzi juzi, maana za amd64 zinajengwa upya karibu kila wiki, na mashine yako inaanza na kompaila mpya. Na ukitaka unaiacha kabisa hiyo ISO unabuti Linux nyingine yoyote ya laivu, stage3 haijali umefikaje. Pia unachagua ladha yako hapo hapo, OpenRC au systemd (zinazowasha huduma za mfumo), hardened (yenye ulinzi wa ziada), musl (maktaba ya C nyepesi), bila wao kutengeneza ISO tofauti kwa kila mtu.

Kuna vitu vidogo kwenye kubuti vimenikosha sana. Kwenye mstari wa kubuti wa ISO niliyotumia, ukiandika docache inajipakia yote kwenye RAM na flashi unaweza kuichomoa, ila RAM iwe angalau mara mbili ya ukubwa wa ISO. Ukiandika dosshd inawasha SSH yenyewe, lakini lazima uweke na passwd= kwa sababu paswedi ya root kwa kawaida imevurugwa makusudi ili mtu asikuingilie kupitia mtandao. Kwa mashine isiyo na skrini hiyo ni dawa.

Sasa Catalyst. Hii unaipa faili la spec (maelekezo ya nini kijengwe) lenye mistari kama subarch, target, profile na source_subpath, halafu unapiga catalyst -f na jina la faili unasubiri. Inaanza na stage3 ya zamani kama mbegu, inajenga stage1 ambayo ni vifaa vya lazima tu, stage2 inajenga upya kompaila na jamaa zake, stage3 inajenga mfumo wa msingi wote kwa kompaila hiyo mpya. ISO nayo ina hatua zake mbili, livecd-stage1 unajaza pakeji unazotaka, livecd-stage2 inajenga keneli kisha inaanza kupunguza, livecd/unmerge inang'oa pakeji ambazo kazi yake imeisha na livecd/rm inafuta mafaili, mwisho yote inabanwa kwa squashfs (mfumo wa mafaili uliobanwa). Huo mpango wa kujaza kwanza halafu kung'oa ndo siri ya media ya mfumo wa sosi kuwa nyepesi, maana vifaa vya kujengea vinachukua nafasi kubwa mno na mtu wa kubuti tu havimhusu.

Ila aisee uvumilivu uwepo. Ukiwa hujawasha pkgcache (inatunza pakeji zilizokwisha jengwa) na autoresume (inaendelea ilipoishia), pakeji moja ikifeli katikati unarudi nyuma sana, washa zote mbili kabla hujaanza. RAM nayo, Handbook inashauri karibu GB 2 kwa kila job ya MAKEOPTS (mpangilio wa kazi ngapi za kukompaili ziende kwa pamoja), usiweke namba ya kishujaa kisa una kori nyingi. Na maelezo ya hizo spec ni machache, mi naona njia rahisi ni kuchukua spec za releng (timu ya kutoa matoleo) wa Gentoo wenyewe na kuzichokonoa.

LiveGUI ya 2022, media yao nyingine ya kubuti yenye desktop ya Plasma, nimeigusa kidogo, nzuri kwa kuwa na brauza ya maana pembeni unapoinstall, ila ni kubwa na inastala ya kubofya haimo pia. Na tangu Desemba 2023 kuna pakeji zilizokompailiwa tayari, kwahiyo ile hoja ya kungoja mpaka kesho imepungua nguvu.

Minimal ISO nampa 5 kwa 5, Catalyst 3 na nusu. Na ukishusha chochote shusha na lile faili la .asc (saini yake) uhakiki kwa gpg kabla ya dd (amri ya kuiandika ISO kwenye flashi), na jina la diski kwenye of= lisome mara mbili.